Kurasimisha si kuboresha

Kwenye mkutano wa mtaa wetu, huku upande wa Sombetini jijini Arusha, mwenyekiti alisimama akatangaza kuwa mradi wa kuboresha makazi umekamilika. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikainama kuangalia viatu vyangu: tope hadi kwenye vifundo. Tangu njia panda hadi ofisi ya mtaa nilikuwa nimeruka madimbwi manne, na la tano nilishindwa. Kilichokamilika, kwa haki kabisa, ni kuchimbia bikoni, yale mawe ya kuonyesha mipaka ya viwanja.

Simlaumu peke yake. Nimeshalisikia neno hilo la "kuboresha" likitumika vilevile redioni, kwenye vikao vya kata, hata kwa vijana wa upimaji wenyewe, ambao ndio wangepaswa kujua zaidi.

Kuboresha makazi ni pale fedha za umma zinapopelekwa kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini, watu walioshajenga na wanaishi, ili kuweka vile ambavyo mtu mmoja hawezi kujiwekea: njia inayopitika masika, mtaro, bomba la maji, taa, kizimba cha taka, zahanati. Wakazi wanabaki palepale. Kurasimisha ni kuchora ramani ya mtaa uliojengwa bila ramani, kukubaliana njia zipite wapi, kupima viwanja, kisha kila mtu apate hati yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaliruhusu jambo hilo na mimi silipingi. Hati yangu ninayo, nimeifungia kabatini.

Lakini tusikilize maneno yenyewe. "Rasmi" na "rasimu" ni ndugu, wote wametoka kwenye Kiarabu, na shina lao huko ni kuchora. Rasimu ni mchoro wa kwanza, andiko ambalo halijawa kitu. Rasmi ni kile kilichotiwa alama ya mamlaka. Kwa hiyo ukisema mtaa umerasimishwa, neno lenyewe limekiri: mtaa umechorwa na kugongwa muhuri. Halijataja kalavati hata moja.

"Boresha" ni kitenzi cha namna nyingine. Ni "bora" iliyopewa kiambishi cha kusababisha, kama safi ilivyozaa safisha. Ubora nao hupimwa kwa kulinganisha: bora kuliko jana, bora kuliko nini? Ndiyo maana huwezi kukiboresha kitu kwa kukiondoa. Lazima kile kilichokuwepo jana kiwepo leo, ndipo useme kimekuwa bora. Anayevunja nyumba akajenga maduka mahali pake anaweza kuwa amefanya la maana, ila alichoboresha ni kiwanja. Walioishi pale hawamo kwenye sentensi.

Na tofauti hiyo si yangu ya kubuni. Miaka ya sitini, baada ya Shirika la Nyumba la Taifa kuanzishwa mwaka 1962, njia ya serikali kwa mitaa ya namna hii ilikuwa kubomoa na kujenga upya, Magomeni ya Dar es Salaam ikiwa mfano unaojulikana. Ikaonekana nyumba zinavunjwa, fedha zinakwisha, na wanaohitaji pa kulala wanaongezeka. Mwaka 1972 sera ikageuka: makazi yaachwe, yaboreshwe. Manzese ikawa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuingizwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, njia na maji vikifuata watu mahali walipo. Kwa hiyo neno hili limezaliwa kama kinyume cha bomoabomoa, na leo tunalitumia kwa kazi ya kuchimbia mawe.

(Lile la "skwata", jina la Kiingereza tunaloitwa watu wa mitaa ya namna hii, sitaligusa sana. Mwenye lugha yake, skwata ni mtu aliyechuchumaa kwenye ardhi ya mwingine. Wengi wetu huku tulinunua kwa wenyeji, mbele ya mjumbe na mashahidi, tukaandikiana. Hatujachuchumaa, tumekaa.)

Kinachoniudhi zaidi ni suala la nani analipa. Kwenye urasimishaji uliopita huku, mwananchi alichangia mwenyewe gharama za upimaji. Serikali ilifika mahali pa kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, kwa sababu baadhi ya kampuni zilikuwa zinatoza zinavyotaka. Mama mkubwa wangu alilipa kwa mafungu matatu, kwa hela ya ndizi. Alitoa pia hatua mbili za uwanja wake ili njia ipite, bila fidia, kwa hiari. Kampuni ilichukua fungu la mwisho na simu yao haijapokelewa tena.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii barabara niliyowapa wanaijenga lini?"

Nikamwambia, "Mama, haijengwi. Imechorwa."

Bikoni yake moja iko katikati ya mfereji unaopitisha maji ya mvua. Kila masika inafukiwa na mchanga, anakwenda kuichimbua kwa jembe kwa kuogopa ikipotea ataambiwa alipe tena. Na hati ikija, itakuja na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka.

Wapo wanaonijibu: mbona Arusha imejengewa lami na dampo la Muriet chini ya mradi wa miji ya kimkakati? Kweli, ulianza mwaka 2010 na ulifanya kazi inayoonekana. Ila ule ulikuwa mradi wa miundombinu ya jiji, uliotazama jiji zima. Kuboresha mtaa kunaanza kwa kuuliza mtaa fulani unakosa nini. Ujerumani walianzisha programu ya namna hiyo mwaka 1999, serikali kuu, majimbo na manispaa wakichangia, na mitaa mingi iliyochaguliwa ikafunguliwa ofisi palepale mtaani ambako wakazi wanakwenda kusema wanachotaka. Na tafadhali, mradi wa mkopo kama ule wa miji ya kimkakati usiitwe "msaada wa wafadhili". Mkopo tunaulipa kwa kodi, hata muuza ndizi, kila anaponunua vocha.

Kwa hiyo, mwenyekiti wangu, nakuheshimu na kura yangu unayo. Mkutano ujao sema "urasimishaji wa mtaa wetu umefika hatua ya bikoni, hati za wengi bado." Utakuwa umesema kweli na hakuna atakayekuzomea. Lile la kuboresha litunze, tulitumie siku greda litakapokata kona pale kwa fundi baiskeli na kuanza kushuka huku kwetu.