Vinywaji vya matunda vyenye gesi bila pombe: maswali kutoka meza ya saa tano

Katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, familia nyingi sasa huunganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana mwishoni mwa juma, zikaandaa mlo mmoja unaoanza saa nne au saa tano, ambapo mahamri, mbaazi za nazi, mayai na matunda hukaa meza moja na mazungumzo hufika hadi saa nane. Huko Ulaya na Marekani, kinywaji kinachofahamika zaidi kwa mlo wa namna hii ni mvinyo wa champagne uliochanganywa na juisi ya machungwa. Wapo wengi, kwa sababu ya dini, ujauzito, dawa wanazotumia, au kwa kuwa tu watoto wapo mezani, wanaotaka mapovu hayo na ladha hiyo bila pombe. Majibu yafuatayo ni kwa wale wanaokitengeneza kinywaji hicho nyumbani.

Je, gesi yenyewe ina madhara mwilini?

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, haina. Mapovu tunayoyaona ni hewa ya ukaa iliyoyeyushwa ndani ya maji kwa msukumo mkubwa. Chupa ikifunguliwa msukumo hupungua, hewa huanza kutoka, na sehemu kubwa ya ile tunayoimeza hurudi kwa mbweu. Dhana kwamba gesi hula mifupa imeenea sana, lakini utafiti wa Framingham nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta uhusiano kati ya unywaji wa kola na upungufu wa uzito wa mifupa kwa wanawake, wala haukukuta uhusiano huo kwa vinywaji vingine vyenye gesi. Wanaopaswa kujihadhari ni wenye kiungulia cha mara kwa mara na wale ambao tumbo lao hujaa upesi, kwa sababu gesi hulitanua tumbo na kusukuma tindikali kupanda juu.

Ni vizuri pia kusoma lebo. Maji ya gesi matupu ni maji na hewa tu. Maji ya soda mara nyingi huongezwa chumvi za sodiamu, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu anapaswa kulijua. Toniki ni kitu kingine kabisa, kwa maana ina kwinini na, isipokuwa lebo iseme vinginevyo, sukari inayokaribia ile ya soda za kawaida, ingawa uchungu wake huificha.

Nikitumia juisi halisi ya matunda bila kuongeza sukari, bado kuna tatizo?

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku, na unasema kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, viwango hivyo ni takriban gramu 50 na gramu 25, yaani vijiko 12 na vijiko 6 vya chai. Sukari iliyomo kwenye juisi, hata kama imekamuliwa mbele ya macho yako, inahesabiwa humo, wakati ile iliyomo ndani ya chungwa zima haihesabiwi, kwa kuwa tunda zima huliwa polepole na nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa isiyochanganywa na kitu ina gramu 20 hadi 25 za sukari. Mtu akinywa glasi mbili kati ya saa nne na saa saba amekwisha kufikia kiwango cha siku nzima, na bado hajagusa chai wala mahamri. Lakini hapa maji ya gesi huwa msaada: mapovu huchangamsha ulimi na kuipa harufu ya tunda nafasi ya kupanda puani, kwa hiyo juisi kidogo iliyozimuliwa kwa maji ya gesi haipotezi ladha kama ile iliyozimuliwa kwa maji ya kawaida.

Basi kinatengenezwaje?

Anza na uwiano wa sehemu moja ya juisi nzito kwa sehemu tatu za maji ya gesi. Kwa watu wanne, saga nanasi lililoiva (wenye bahati ya kupita Kiwangwa, mkoani Pwani, wanayajua mazuri), lichuje upate mililita 250, ongeza maji ya ndimu moja na kijiko cha chai cha tangawizi iliyokunwa, kisha uweke kwenye friji pamoja na chupa ya mililita 750 ya maji ya gesi. Vikishakuwa baridi sana, tia juisi kwanza kwenye jagi, uinamishe jagi, na umimine maji ya gesi taratibu yakitiririka pembeni. Kila glasi itakuwa na gramu 6 hadi 8 za sukari, wakati chupa ya soda ya mililita 300 kwa kawaida ina gramu 30 na zaidi.

Ubaridi huo una sababu, nao si wa kuburudisha koo tu. Maji yanayokaribia kuganda hubeba hewa ya ukaa karibu mara mbili ya yale yenye nyuzi joto 20, kwa hiyo maji ya gesi yenye uvuguvugu hupoteza mapovu kabla ya glasi kufika mezani. Kwa sababu hiyo hiyo, usikoroge kwa nguvu, na usitie maji ya gesi kwenye blenda au kwenye chombo chenye kifuniko ukakitikisa, kwa kuwa hewa inayotoka kwa ghafla inaweza kurusha kifuniko na kumjeruhi aliye karibu.

Pasheni, ambayo Zanzibar wengine huiita karakara, inafaa sana kwa kuwa harufu yake ni kali na kiasi kidogo hutosha. Ukwaju uliolowekwa kwenye maji ya moto, ukakamuliwa na kuchujwa, hutoa uchachu wenye uzito, nayo choya, yaani rozela kavu iliyochemshwa dakika chache, hutoa rangi nyekundu ambayo haihitaji kuongezwa rangi ya dukani. Tatizo la hivi viwili ni kwamba huwa vikali mno, na mkono huenda wenyewe kwenye shira. Kijiko kimoja cha chakula cha sukari ni takriban gramu 12. Ni afadhali ukali huo ukalainishwa kwa nanasi au embe lililoiva sana. Ubuyu nao una tabia yake: unga wake ukitiwa moja kwa moja kwenye maji ya gesi, chembe zake huiita hewa yote itoke kwa pamoja, na povu hufurika hadi kwenye kitambaa cha meza. Uyeyushe kwanza kwenye maji ya kawaida na uuchuje.

Mimi hutia hamira na sukari kwenye maji ya tangawizi, nikafunga chupa siku mbili hadi ijae gesi. Hiyo si soda tu?

Hapana, ina pombe, na hakuna namna ya kuikwepa kwa njia hiyo. Hamira inapokula sukari hutoa vitu viwili kwa wakati mmoja, hewa ya ukaa na pombe, na uzito wake hukaribia kulingana: gramu 100 za glukosi zikichachuka zote hutoa takriban gramu 51 za pombe na gramu 49 za hewa. Kwa hiyo, ikiwa lita moja ya tangawizi imepata gramu 5 za gesi kutokana na hamira peke yake, nayo imepata walau gramu 5 za pombe, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 0.5 ya ujazo. Gesi ikiwa kali kama ya soda, pombe hufika asilimia 1 au kuivuka, na kila unapolegeza kifuniko ili kupunguza msukumo, hewa hutoka lakini pombe hubaki.

Watu wa pwani hawahitaji maabara kulijua jambo hili, kwa sababu tembo la mnazi linalogemwa asubuhi likiwa tamu huwa limekolea kabla ya jioni bila mtu kuliongeza chochote. Hata maji ya gesi yenyewe yana asili hiyo: mwaka 1767, mjini Leeds, Mwingereza Joseph Priestley aliyapata kwa kushikilia maji juu ya pipa la bia iliyokuwa ikichachuka, akainasa hewa iliyokuwa ikipanda na kuiacha pombe chini. Leo hewa hiyo hutiwa kiwandani, au nyumbani kwa mashine yenye mtungi mdogo, na ndiyo njia ya pekee ninayoweza kuipendekeza kwa mtu anayetaka kinywaji kisicho na pombe kabisa. Kombucha (chai yenye sukari iliyochachushwa) na kefiri ya maji (maji ya sukari yaliyochachushwa) ziko kwenye kundi lile lile la tangawizi ya hamira.

Kuna hatari nyingine isiyohusu pombe. Chupa ya kioo iliyofungwa sawasawa ikiachwa kwenye joto la Dar es Salaam huendelea kujaa msukumo hadi ipasuke, na vipande vyake huruka kwa nguvu.

Na vile vya dukani vilivyoandikwa kwamba havina pombe?

Katika nchi nyingi, kinywaji chenye hadi asilimia 0.5 huruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo au linalofanana nalo, kwa hiyo tafuta namba, usiishie kwenye maneno makubwa ya mbele. Angalia pia vile vinavyotiwa kwa matone: Angostura, ambayo huongezwa kwenye vinywaji ili kuleta uchungu kidogo, ina pombe ya asilimia 44.7, na vanila ya maji iliyotengenezwa kwa maganda halisi huwa na asilimia 35 au zaidi. Matone mawili ndani ya jagi hayamlevyi mtu, lakini mgeni aliyeambiwa kwamba hakuna pombe ana haki ya kuambiwa kweli. Kwa mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Meno yangu huuma nikinywa vitu vikali. Nifanye nini?

Tabaka gumu la nje la jino huanza kuyeyuka pale kinywaji kinapokuwa chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu huongezeka). Maji ya gesi matupu huwa chini ya kiwango hicho, lakini hayaleti shida kubwa; maji ya ndimu, yenye pH ya 2 hadi 2.5, ndiyo yenye makali. Kinachoumiza zaidi ni kudonoa glasi moja kwa saa mbili, kwa sababu mate hayapati muda wa kuyatuliza meno. Kunywa pamoja na chakula, sukutua kwa maji ya kawaida, na usipige mswaki kabla ya nusu saa kupita.

Mama yangu ana kisukari na anatumia dawa za presha. Nimpe?

Kwa kisukari, mtengenezee chenye maji ya gesi, maji ya ndimu, majani ya nanaa na tango lililokatwa vipande vyembamba, kisha umpe tunda zima pembeni alile kwa kiasi alichopangiwa. Juisi humpandishia sukari haraka, na ndiyo maana hutumika kumsaidia mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka.

Kwa dawa, uliza mfamasia kabla ya kumpa balungi, kwa kuwa tunda hilo huzuia utumbo na ini kuvunja baadhi ya dawa, zikiwamo nifedipini ya presha na simvastatini ya kolesteroli, nazo hujikusanya kwenye damu. Choya nayo inaweza kushusha presha kidogo, kwa hiyo isinywewe kwa wingi juu ya vidonge bila daktari kujua.

Mgonjwa wa figo ana masharti yake kuhusu potasiamu, ambayo ni nyingi kwenye machungwa, pasheni na maji ya madafu. Lipo pia karambola, lile tunda la manjano lenye pembe tano, ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota na hupendwa kupambia ukingo wa glasi. Kwa mwenye figo zilizoshindwa kazi ni sumu inayoweza kuleta kwikwi zisizokoma, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo, kwa hiyo lisikaribie glasi yake hata kama pambo.

Watoto wanywe kiasi gani?

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe juisi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kwamba kati ya mwaka 1 na 3 isizidi mililita 120 kwa siku. Asali isitiwe kabisa kwenye kinywaji cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari unaopooza misuli.

Barafu ikigandishwa, vijidudu si hufa?

Havifi, vingi husubiri tu. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, au dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kama Limuru, na hasa nyakati za mlipuko wa kipindupindu usinunue barafu ambayo hujui maji yake yalikotoka. Matunda yaoshwe kabla ya kumenywa, kwa kuwa kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani.

Juisi iliyobaki niiweke hadi lini?

Iweke kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu itengenezwe, na uimalize kesho yake. Kilichokwisha kuchanganywa na maji ya gesi kitakuwa kimepoteza mapovu lakini bado kinanyweka. Jagi la juisi tupu ambalo lilisahauliwa juu ya meza usiku kucha, ukalikuta asubuhi likitoa mapovu ambayo hukuyatia, limwage.