Kabla hujasaini udhamini wa nyumba ya mwanafunzi England

Karatasi ya udhamini huwa fupi: kurasa mbili, pengine tatu, na mahali pa kusaini pameshawekewa alama ya manjano. Huja kwa barua pepe jioni, mtoto akiwa ameshapiga simu mara mbili. "Mama, wenzangu wote wazazi wao wameshasaini, tumebaki sisi tu, nyumba itachukuliwa." Mama anaifungua kwenye simu, anaivuta kwa kidole hadi chini, anasaini. Kesi nyingi zinazofika kwenye dawati letu la ushauri wa makazi ya wanafunzi zilianza namna hiyo.

Nawaandikia wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaoishi huku, pamoja na wajomba, mashangazi na baba wadogo ambao hupigiwa simu kutoka Mwanza au Mombasa waombwe kumdhamini mtoto wa ndugu yao. Ninayoyaeleza ni ya England. Scotland na Wales zina sheria zao za upangaji.

Neno dhamana si geni kwetu. Tumedhaminiana mikopo ya saccos, tumewekeana dhamana polisi. Lakini kwenye fomu ya saccos kiasi cha mkopo kimeandikwa, na mdhamini anajua kabla ya kusaini kwamba mambo yakiharibika atabeba mzigo kiasi gani. Udhamini wa nyumba ya mwanafunzi mara nyingi hauna kiasi. Unasema utalipa kodi isiyolipwa, uharibifu, na gharama za kudai. Jumla utaijua siku ya kudaiwa.

Sasa tafuta sentensi moja kwenye mkataba wa upangaji, inayosema wapangaji wanawajibika "jointly and severally". Maana yake ni kwamba wote kwa pamoja wanadaiwa kodi yote, na kila mmoja peke yake anadaiwa kodi yote. Vijana watano wakisaini mkataba mmoja wa nyumba yenye sebule na jiko la pamoja, mbele ya sheria hakuna chumba cha Amina na chumba cha Juma. Kuna nyumba moja yenye deni moja, na mwenye nyumba anaweza kumgeukia yeyote kati yao alilipe lote. Wewe uliyemdhamini mmoja, kama karatasi yako haikuweka mpaka, unasimama pale pale aliposimama mtoto wako. Umewadhamini wote watano, na wanne kati yao huwajui hata kwa sura.

Tupige hesabu. Kila mmoja analipa pauni 550 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba nzima ni pauni 2,750. Kwa mwaka, fungu la mtoto wako ni pauni 6,600. Kodi ya nyumba nzima ni pauni 33,000. Na kuna jambo linalonikera kila ninapoliona. Wakala anapokukagua kama unafaa kuwa mdhamini, mara nyingi hutumia fungu la mtoto wako tu. Kipimo cha kawaida ni kipato cha mwaka kinachofika mara 36 ya kodi ya mwezi, hivyo kwa pauni 550 utatakiwa uwe unapata pauni 19,800. Unapimwa kwa mzigo mdogo, kisha unapewa karatasi ya kubeba mkubwa. Mlezi wa wagonjwa au dereva wa basi anapita ukaguzi huo vizuri, akiamini kwamba wakala asingempitisha kama mzigo ungemshinda.

Ndiyo maana kila anayefika kwetu kabla ya kusaini tunamwambia aombe jambo moja kabla ya mengine yote: udhamini wake uishie kwenye fungu la mtoto wake. Ombi hili halina aibu, na mawakala wamelizoea. Andika barua pepe kwa Kiingereza chepesi: "My guarantee is limited to my child's share of the rent and to damage caused by my child." Ukijibiwa kwamba wamekubali, usitosheke na jibu hilo. Maneno hayo yaingie ndani ya karatasi yenyewe ya udhamini. Wakikataa, mwambie mtoto atafute nyumba ambayo kila mpangaji ana mkataba wake wa chumba. Zipo, na hata hapo soma karatasi kabla ya kusaini.

Omba pia nakala ya mkataba wa upangaji, maana kudhamini mkataba ambao hujausoma ni kama kununua kiwanja gizani. Angalia udhamini unaisha lini, na kama unafunika kodi itakayopandishwa baadaye. Kanuni ya mahakama za England, inayotajwa tangu kesi ya Holme dhidi ya Brunskill ya mwaka 1878, inamfungua mdhamini pale mkataba mkuu unapobadilishwa kwa jambo la maana bila ridhaa yake. Ulinzi huo ni mzuri, lakini fomu nyingi zina kifungu cha kuuondoa, zikisema utabaki mdhamini hata masharti yakibadilika. Kifungu hicho omba kifutwe.

Ahadi ya mdomo kwenye simu haikufungi. Sheria ya mwaka 1677, ambayo kifungu chake cha nne bado kinafanya kazi, inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi na iwe na saini. Kwa hiyo wakala akikupigia kukuuliza kama utamsaidia mwanao, jibu kwa adabu, bila hofu. Kinachokufunga ni karatasi, na kwa kawaida huwa hati inayosainiwa mbele ya shahidi.

Kuna mabadiliko makubwa ambayo wazazi wengi bado hawajayashika. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeweka kanuni mpya kuanzia 1 Mei 2026. Kwenye nyumba za kawaida za kupanga, mkataba wa muda maalumu unaondoka, na mpangaji anaweza kutoka kwa kutoa notisi ya miezi miwili. Kwa mdhamini hii ni nafuu, maana deni halilazimiki tena kukimbia hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Lakini notisi anaitoa mpangaji. Mdhamini hawezi kumtolea. Na kwenye mkataba wa pamoja, notisi ya mmoja huvunja upangaji wa wote, jambo ambalo hugombanisha marafiki. Kwa hiyo vijana wazungumze mapema.

Sheria hiyo imegusa pia desturi yetu ya kulipa mbele. Dar es Salaam tumezoea kodi ya miezi sita, hata ya mwaka mzima. Wazazi walioko Afrika Mashariki, ambao hawakubaliki kuwa wadhamini kwa sababu hawaishi Uingereza, walikuwa wakimaliza tatizo kwa kutuma kodi ya miezi sita au kumi na miwili kwa mkupuo. Sasa mwenye nyumba haruhusiwi kudai wala kupokea kodi kabla mkataba haujasainiwa, na baada ya kusainiwa hawezi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla upangaji kuanza. Nia ilikuwa njema. Ila kwa mtoto wa Kigoma au Lamu mlango huo umefungwa, na simu anayopigiwa baba mdogo wa Leicester imekuwa nzito zaidi kuliko zamani.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetoka nyumbani, ushauri wangu ni bweni la chuo. Mabweni ya vyuo hayamo kwenye utaratibu huu mpya, na majengo ya binafsi yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi na kusajiliwa chini ya kanuni zinazotambuliwa na serikali nayo yako nje yake, kwa hiyo huko kulipa mbele bado kunawezekana. Vyuo kadhaa vina mpango wa kuwadhamini wanafunzi wao wenyewe. Mtoto aulize chuoni kwake kabla ya kukimbilia kampuni za udhamini, ambazo hutoza ada, na zikimlipia kodi humrudia yeye kudai.

Amana ya nyumba haipunguzi hatari yako kwa kiasi unachodhani. Tangu Juni 2019, kwa kodi isiyofika pauni 50,000 kwa mwaka, amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano, na lazima ihifadhiwe kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Deni likizidi hapo, unaandikiwa wewe.

Barua hiyo ikija, usiiweke droo. Omba maelezo ya hesabu mwezi kwa mwezi, ulinganishe na risiti za mtoto. Mama mmoja alikuja kwetu akiwa amedaiwa kodi ya kijana aliyekuwa ameacha chuo na kurudi kwao, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Alikuwa amekaa na barua miezi mitatu kwa aibu, hata mumewe hakumwambia. Deni likifika mahakamani na hukumu ikatoka, ukilipa lote ndani ya mwezi mmoja jina lako huondolewa kwenye rejesta ya hukumu za madeni. Usipolipa, linakaa miaka 6, na ukitaka mkopo wa nyumba kila benki italiona. Msaada wa bure upo Citizens Advice, na kwenye ofisi ya makazi ya chuo cha mtoto.

Madai ya kodi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Nakala ya karatasi uliyosaini, pamoja na barua pepe ya wakala kuhusu fungu la mtoto wako, vitunze hadi muda huo uishe, hata kama mtoto ameshahitimu na kuhama mji.