Mabegamu wa Bhopal hawakuwa vivuli vya wanaume

Wengi bado wanaamini kwamba wanawake wa Kiislamu hawakuwahi kutawala, au kwamba waliotawala walikalia kiti tu huku wanaume wakiamua nyuma ya pazia. Historia ya mabegamu, yaani watawala wanawake wa dola ya Bhopal, katikati ya Uhindi, inasema vingine.

Mwaka 1819 Nawabu, yaani mtawala wa Bhopal, aliuawa, na mjane wake Qudsia, msichana asiyefika miaka 20, akashika madaraka kwa niaba ya binti yake mchanga, Sikandar. Hadi 1926, ukiondoa miaka kama 7 ya mume wa Sikandar, Bhopal iliongozwa na wanawake wanne: mama, binti, mjukuu na kitukuu.

Sikandar ndiye anayenivutia zaidi. Alipanda farasi, alikagua wilaya mwenyewe, akapanga upya kodi ya ardhi. Mumewe alipofariki, kiti kilihesabiwa kuwa cha binti yao mdogo. Sikandar hakukubali kubaki mlezi tu wa kiti hicho, na mwaka 1860 Waingereza, waliokuwa na mamlaka juu ya Uhindi, wakamtambua kuwa mtawala kwa haki yake. Kisha akaenda kuhiji Makka.

Binti yake, Shah Jahan, alichangia ujenzi wa msikiti wa Woking, Uingereza, uliofunguliwa 1889. Sultan Jahan, wa mwisho, alisimamia elimu ya wasichana na afya ya kina mama, na mwaka 1920 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh. Kazi hiyo yote aliifanya akiwa amevaa buibui, wakati bibi yake Sikandar hakujifunika uso. Wote wawili walitawala kwelikweli.