Shokola yenye weupe juu haijaoza, jamani

Hapa Goma ukinunua shokola kwenye butiki za Birere, ukaifungua ukakuta weupe juu kama vumbi la unga, bantu bengi banasema "iyi imeshaoza mama, tupa". Hapana, siyo ukungu. Ni mafuta ya kakao yenyewe, yanayeyukaka karibu na digrii 34, sasa shokola ikishinda juani pale mezani inalegea, usiku baridi ikishuka inaganda tena ovyo, mafuta yanapanda juu yanaacha ule weupe.

Kuna na weupe wa sukari: ukitoa shokola kwenye frigo inatoka jasho, maji yanakauka, sukari inabaki. Pitisha kidole, ya sukari inakwaruza kidogo, ya mafuta inateleza inapotea. Ukungu wa kweli uko na manyoya na harufu mbaya, ule njo wa kutupa.

Miye ile nyeupe nayeyushaka tu, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto (tone la maji lisiingie, itashikana kama udongo), nafanyia gato na hakuna mutu anajua.

Cha kuangalia ni etiketi, siyo kung'aa. Kwa kufunikia gato tafuta yenye mafuta ya kakao kuanzia 31 kwa mia. Ukiona mawese yameandikwa pahali pa mafuta ya kakao, itang'aa sawa, lakini mdomoni ni kama mushumaa. Na sisi kakao iko hapa Beni tu!