Mwaka wa kujitolea Ujerumani: yasemwayo na yalivyo

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam akitaja FSJ, mara nyingi masikio yake yameshasikia mlio wa ndege. FSJ ni mwaka wa kujitolea katika huduma za jamii, uliowekewa sheria Ujerumani mwaka 1964. Mwenzake, BFD, mpango wa kujitolea wa serikali ya shirikisho, ulikuja 2011 baada ya jeshi la lazima kusitishwa, maana nyumba za wazee zilikuwa zimewapoteza vijana waliotumikia humo badala ya kushika bunduki.

"Mlipe ajenti, nafasi ni yako."

Hapa ndipo viwanja vya ukoo vinapouzwa. Nafasi haiko mfukoni mwa ajenti. Iko kwenye kituo chenyewe: nyumba ya wazee, chekechea, hospitali, makazi ya watu wenye ulemavu. Kati ya kituo na wewe kuna shirika mlezi, Wajerumani huliita Träger. Caritas, Diakonie na Msalaba Mwekundu ni miongoni mwao. Shirika husoma barua yako, hukuhoji kwa simu ya video, kisha hutafuta kituo kinachokufaa na kilicho tayari kukupokea. Kituo nacho hukuhoji, na kinaweza kukukataa. Nawe pia unaweza kukikataa, jambo ambalo waombaji wengi hulisahau.

Barua ya kunakili hutambulika upesi. Kama uliwahi kumwogesha na kumlisha bibi yako aliyepooza, andika hilo, na uliandike juu kabisa. Mimi ningeliweka hata kabla ya vyeti. Ajenti anaweza kukusaidia kujaza fomu, sawa, lakini anayekuahidi viza anauza mali ya ubalozi. Mashirika unaweza kuyaandikia mwenyewe, na vituo vya BFD vimeorodheshwa mtandaoni na ofisi ya serikali inayosimamia mpango huo, BAFzA.

"Ni kazi, kuna mshahara."

Ni posho. Kikomo chake kisheria mwaka 2025 kilikuwa yuro 644 kwa mwezi, na vituo vingi hutoa chini ya hapo. Bima ya afya unalipiwa. Malazi na chakula hutegemea kituo, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini, hasa ukipelekwa Munich, ambako kodi ya chumba inaweza kuimeza posho yote. Na nyumbani waambieni mapema kwamba hakuna pesa za kutuma.

"Kijerumani nitakijulia huko huko."

Mzee mwenye usahaulifu anayetaka kwenda msalani hawezi kusubiri ufungue kamusi. Anza sasa, Goethe-Institut ipo Nairobi na Dar es Salaam.

"Ukifika miaka 27, basi."

Kwa FSJ, ndiyo. BFD haina kikomo cha juu cha umri.

"Nikishaingia, kituo nikikichoka naondoka tu."

Kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba wako wa kujitolea. Mambo yakienda kombo, zungumza kwanza na shirika mlezi. Kazi yake mojawapo ni kusuluhisha, na pale inapowezekana kukutafutia kituo kingine.

"FSJ ikiisha, Ausbildung inafuata yenyewe."

Ausbildung ni mafunzo ya ufundi, nayo yana mkataba wake na kibali chake. Mengi huanza Agosti au Septemba, kwa hiyo aliyefika Septemba asisubiri kiangazi cha Ulaya, katikati ya mwaka, kuulizia. Aulize mapema, akianza na kituo chake, kwa kuwa huko wameshamwona akifanya kazi.