Mchanga Mkavu wa Epoksi: Tunayoamini na Yalivyo

Fundi aliyezoea saruji huyaona maji kuwa rafiki, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha. Saruji haigandi bila maji. Mchanga ukiwa mbichi, anapunguza tu maji ya kuongeza, kazi inaendelea. Kisha siku moja anaziba shimo kwenye sakafu ya zege kwa epoksi, gundi ya kemikali inayogeuka ngumu, na kuchota mchanga wa kuichanganyia palepale alipozoea.

Dhana: Unyevu kidogo utakauka wenyewe epoksi ikishika.

Epoksi haikauki kama rangi. Inakuwa ngumu kwa sababu vitu viwili, rezini na kigumisho, vinashikana kikemia, na hakuna kinachohitaji kutoka ndani yake. Maji yaliyoingia na mchanga hayana njia. Yanabaki kama utando kati ya chembe na rezini, hivyo rezini haigusi mchanga wenyewe. Mengine yanaingilia kazi ya kigumisho, na hapo ndipo unapoona weupe, mapovu, au kiraka kinachobaki kunata. Ukikikwaruza kwa msumari, mchanga unatoka kama sukari.

Kweli, zipo epoksi zilizotengenezwa kushika kwenye zege lenye unyevu, na kopo litakuambia. Lakini kustahimili uso wenye unyevu si ruhusa ya kumwaga mchanga mbichi ndani ya mchanganyiko.

Dhana: Mchanga ukimwagika vidoleni bila kushikana, ni mkavu.

Vidole vinadanganya. Unyevu usiotosha kushikanisha chembe bado unatosha kuzifunika. Pima hivi: chukua mchanga kidogo, uupime kwa mizani ya jikoni, uupashe kwenye sufuria ukiukoroga, uache upoe, upime tena. Uzito ukishuka, ulikuwa na maji. Rudia mpaka uzito usibadilike. Maabara hufanya hivyo kwa joto la nyuzi 105 hadi 110. Huna mizani? Shika kioo baridi juu ya sufuria uone kama kinafanya ukungu.

Kuna kosa jingine linalojificha hapa. Mchanga mbichi huvimba: ukiwa na maji ya asilimia 5 hivi, ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo au zaidi. Anayepima kwa kopo anadhani ameweka mchanga mwingi, kumbe hewa.

Dhana: Mchanga wa mfuko lazima uwe mkavu.

Mfuko huzuia mvua, haukaushi. Mchanga wa kuchezea watoto, kwa mfano, mara nyingi hufungwa ukiwa na unyevu. Tafuta ulioandikwa kuwa umekaushwa kwa tanuri: ule wa kusafishia chuma kwa upepo, au wa vichujio vya bwawa la kuogelea. Huu wa bwawa ni mzuri na msafi, ila chembe zake zinalingana mno, kwa kawaida kama nusu milimita, kwa hiyo mapengo ni mengi na yanakunywa rezini. Changanya na mwembamba kidogo.

Dhana: Wa ufukweni umeshaoshwa na bahari.

Umeoshwa kwa chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na kloridi yake ni adui wa nondo. Achana nao.

Dhana: Mwaga mchanga uliokaushwa ukiwa bado moto, epoksi itashika haraka.

Itashika haraka kweli, pengine ndani ya ndoo. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata muda wa kufanyia kazi karibu nusu. Uache upoe kabisa ndani ya chombo chenye mfuniko. Ukipoa wazi usiku kucha unavuta tena unyevu, na jasho lako limepotea bure.

Dhana: Mchanga ni wa kupunguza gharama tu.

Gharama inapungua, sawa. Lakini epoksi tupu hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko zege, na kiraka kinene kisicho na mchanga huweza kubanduka jua na baridi vikipokezana. Mchanga huipunguzia tabia hiyo, na humeza joto la mchanganyiko unapogeuka mgumu.

Changanya kwanza rezini na kigumisho mpaka michirizi iishe, ndipo uongeze mchanga kidogo kidogo, mara nyingi vipimo 3 hadi 5 kwa kimoja cha epoksi, maelezo ya kopo yakitangulia. Mchanga mkavu kiasi hiki hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi kabla ya kufungua mfuko.