Jino la hekima: jina linataja umri, halitaji maumivu

Mara nyingi mno nimesikia mtu aliyevimba shavu akiambiwa avumilie kwa kuwa "ni hekima tu inaota", na safari hii nimeona heri niandike. Jino la hekima ni gego la tatu, la mwisho kabisa katika kila upande wa taya, juu na chini. Kwa kawaida huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25, na wapo wasioota hata moja.

Jina ndilo linalopotosha. Waarabu huliita gego la akili, Kilatini kililiita jino la hekima, Waturuki husema jino la miaka ishirini, na Wajapani wamelipa jina lenye maana ya "mzazi hajui", kwa kuwa huota wakati ambapo mzazi hamchungulii tena mwanawe kinywani. Yote hayo yanataja umri wa mwenye jino, na hakuna hata moja linalosema kwamba maumivu ni ada ya kuingia utu uzima.

Kuota, kukwama na kuambukizwa ni mambo matatu tofauti. Gego linapochomoza, ufizi huweza kuuma kidogo kwa siku chache kisha ukatulia. Likikosa nafasi hukwama, na huenda lisiume kamwe. Lakini lililotokeza nusu hubaki na kipande cha ufizi juu yake, na chini ya kipande hicho hujificha mabaki ya chakula na bakteria, ambao ndio huleta uvimbe, usaha na harufu mbaya. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kupiga mswaki taratibu na kumeza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti hutuliza, ingawa chanzo hubaki palepale. Aspirini ikiwekwa juu ya ufizi, kama wengine wafanyavyo, huuunguza.

Maumivu yakipita siku mbili tatu, au yakitulia na kurudi, ni ya daktari wa meno. Homa, kinywa kisichofunguka vizuri, uvimbe unaoshuka shingoni, shida ya kumeza au ya kupumua ni mambo ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kwa hiyo anayemuuguza mwenye shavu lililovimba asiseme hekima inaota. Aseme huenda ufizi wa gego la mwisho umeambukizwa, kisha amuulize kama anaweza kufungua kinywa na kumeza mate.